Lucy aliwekewa dau la dola 100 aseme kweli kwa saa 24, na kwenye hiyo kweli akapunguza miaka 9

Fundi Cherehani (mleta mada)

Salaam wakuu.

Mimi ni fundi wa nguo za kike, Tanga mjini, mwaka wa 16 huu niko kwenye cherehani. Mafundi tunajulikana. Ukisikia "njoo kesho jioni, vimebaki vifungo tu", ujue kitambaa chako bado kimefungwa kwenye mfuko kama ulivyokileta. Kwa hiyo nikizungumzia ukweli humu msianze kunirushia mawe, nimekuja kama mtuhumiwa.

Wiki iliyopita mvua ilinifungia dukani siku 2, hapiti mteja hata wa kuulizia bei. Nikakaa na simu kutazama komedi ya zamani ya Marekani, I Love Lucy. Kwa wasioijua: ilirushwa na kituo cha televisheni cha CBS kuanzia Oktoba 15, 1951 hadi Mei 6, 1957, picha nyeusi na nyeupe, episodi 180. Lucy Ricardo ni mke wa nyumbani New York anayetaka kwa kufa na kupona aonekane jukwaani. Mumewe Ricky ni Mkyuba, kiongozi wa bendi ya klabu, na jambo moja asilolitaka maishani ni mkewe kupanda jukwaa lake. Jengo hilo hilo wanaishi wenye nyumba wao, Fred na Ethel Mertz, watu wazima waliochokana lakini hawaachani. Lucy ni Lucille Ball, Ricky ni Desi Arnaz, na nje ya kamera walikuwa mke na mume wa ndoa. Hili la mwisho lishikeni, tutalirudia.

Episodi iliyonileta ni ya Novemba 9, 1953. Lucy amenaswa tena na vijiuongo vyake. Ricky, Fred na Ethel wamemchoka, wanamwekea dau la dola 100: hawezi kumaliza saa 24 bila kuongopa. Anakubali, maana na yeye ana kiburi chake.

Ndani ya hizo saa 24 kuna karata. Wanawake 4, mchezo wa briji, nyumbani kwa shoga yao Carolyn Appleby ambaye kabadilisha samani na kupamba sebule kwa mtindo wa Kichina. Na Ethel yupo pale pale mezani, hali ana pesa yake kwenye dau. Hapo ndipo utamu ulipo. Ethel hahitaji kufanya hila yoyote zaidi ya kuchokoza maswali na kusubiri.

Mwenye nyumba anataka kusikia sebule yake inaonekanaje. Wenzake wanamwaga sifa. Lucy anahangaika, macho yanazunguka ukuta mzima kutafuta pa kushika, mdomo unafunguka na kufungwa. Alipobanwa akasema: ni kama ndoto mbaya inayomjia mtu aliyevimbiwa chakula cha Kichina. Mwenzao wa nne, Marion Strong, kaja na kofia yake, naye akapata lake. Huyo Marion pia ana kicheko cha kuku. Lucy akamwambia aache kutetea, miaka 10 sasa anasubiri aone hilo yai.

Mimi nilicheka mpaka jirani muuza simu akaja kuchungulia. Halafu nikanyamaza, kwa sababu ule mdomo wa Lucy unaofunguka na kufungwa naujua. Ni wangu. Mteja ametoka kwenye pazia na gauni, amesimama mbele ya kioo, amegeuka ubavu, amelivuta tumbo ndani, anauliza "fundi, nimependeza?" Kuna nusu sekunde pale. Mikono yangu inarudi kwenye shingo ya gauni kana kwamba kuna uzi wa kukata, na uzi hakuna. Ile nusu sekunde ndiyo episodi nzima.

Naendelea kesho, umeme unasumbua.

Mzee wa Kahawa

Fundi kuandika uzi wa kusema kweli, dunia imefika ukingoni. Nguo yangu ya Idi ya mwaka juzi bado "imebaki pindo".

Bint Ngamiani

Nimeweka mkeka hapa, sitoki.

Dereva wa Usiku

Mleta mada swali moja tu. Kwa nini dau kawekewa mke peke yake? Huyo Ricky naye angepewa saa 24. Fred je? Wanaume wawili wanakaa sebuleni kumpima mwanamke ukweli kama wanampima joto, wao nani kawapima?

Fundi Cherehani

Dereva umenigusa penyewe. Nimeitazama mara 3 nikitafuta pahala wanapoulizwa wao. Hapana. Watatu wameshika dau upande mmoja, mmoja kashikwa na kiapo upande wa pili. Fred kwenye komedi hii ni bahili wa kutajwa, mtu wa kukadiria hata njiti ya kiberiti, na hajawahi kukiri hata siku moja. Ricky anajua vizuri mkewe akipanda jukwaani atamfunika, lakini atakupa kila sababu isipokuwa hiyo. Lucy alipotoka kwenye karata akawapasha kila mmoja lake usoni, na ghafla ukweli ukawa hautamki. Wao walitaka aseme kweli huko kwa watu, asiwasemee wao.

Sasa nije kwenye kichwa cha uzi.

Pale mezani Ethel na wenzake waliona sebule haijamwangusha, kofia haijamwangusha. Wakamletea maswali matatu ambayo mwanamke yeyote wa mwaka 1953 angeyakimbia. Una miaka mingapi? 33. Uzito? Ratili 129, hiyo ni kama kilo 58 na nusu kwetu. Rangi ya nywele zako halisi? Hudhurungi iliyofifia, rangi ya panya. Anayatoa kama mtu anayeng'olewa meno bila ganzi. Watazamaji wanaangua kicheko, kwa sababu hayo ndiyo majibu ambayo Lucy ameyaficha misimu miwili na zaidi.

Lakini Lucille Ball alizaliwa Agosti 6, 1911. Siku episodi inarushwa alikuwa na miaka 42. Yaani kwenye saa 24 za ukweli mtupu, kwenye swali lenyewe la kutolea jasho, miaka 9 imekatwa kama mkono wa gauni.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu mleta mada, unachanganya mambo mawili. Lucy Ricardo ni mhusika. Lucille Ball ni mwigizaji. Mhusika kusema ana miaka 33 si uongo, ni miaka yake ndani ya hadithi. Ukifuata hesabu yako basi kila mwigizaji wa Othello, yule wa Shakespeare anayemuua mkewe, ni muuaji.

Fundi Cherehani

Mwalimu shikamoo. Hoja nimeipokea, na kwa mwigizaji mwingine yeyote ningekaa kimya. Ila komedi hii yenyewe ndiyo iliyochanganya. Mhusika kaitwa Lucy, mwigizaji Lucille. Mume wa hadithini ni Mkyuba mpiga ngoma, mume wa nyumbani ni Mkyuba mpiga ngoma, mzaliwa wa Santiago de Cuba. Walioana Novemba 30, 1940. Lucille alipopata mimba, Lucy naye akapata mimba. Episodi ya kujifungua ilirushwa Januari 19, 1953, siku ile ile Lucille alijifungua mtoto wa kiume hospitali, na watu milioni 44 wakaitazama, wengi kuliko waliotazama Rais Eisenhower akiapishwa kesho yake. Sasa mama mmoja wa Ohio aliyekaa mbele ya televisheni angejuaje Lucy anaishia wapi na Lucille anaanzia wapi? Walikuwa wanauziwa ndoa kama ndoa. Umri ndio peke yake ulioachwa mlangoni.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Umejibu vizuri, ingawa bado nakupinga.

Mzee wa Kahawa

Mwalimu kusema "umejibu vizuri" ndiyo uongo wa kwanza wa uzi huu.

Bint Ngamiani

Hahahaaa. Fundi, hizo nywele mbona nasikia zilikuwa nyekundu? Nyeusi na nyeupe walijuaje?

Fundi Cherehani

Walijua kwa majarida na filamu zake za rangi, na ndani ya komedi wenyewe walizitania kila mara. Rangi ile ilikuwa ya chupa. Na hapa Bint umenifungulia mlango niliokuwa nautafuta.

Septemba 1953, miezi miwili kabla ya episodi hii, Lucille Ball aliponea tundu la sindano. Ni wakati wa kuwinda Wakomunisti Marekani. Kamati ya Bunge ilikuwa na kumbukumbu kwamba mwaka 1936 alijiandikisha kupiga kura kama Mkomunisti. Septemba 4 alihojiwa. Akasema kweli: alijiandikisha, ila alifanya hivyo kumridhisha babu yake, mzee aliyekuwa na msimamo wa wafanyakazi. Siku 2 baadaye mtangazaji Walter Winchell akaidokeza redioni, na magazeti yakawaka. Wengine kwa tuhuma ndogo kuliko hizo walipoteza kazi na hawakuipata tena.

Siku chache baadaye walikuwa na kurekodi mbele ya watazamaji. Desi akatoka mbele kabla ya mchezo kuanza, akawaambia watu kwamba kitu chekundu pekee (nyekundu ndiyo rangi ya Wakomunisti) alicho nacho Lucy ni nywele zake, na hata hizo si za halali. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Sasa rudini kwenye karata. Novemba 9. Anaulizwa rangi ya nywele, anajibu hudhurungi ya panya. Waliofuata magazeti ya Septemba walicheka mara mbili. Sina ushahidi kwamba waandishi walikusudia, na Madelyn Pugh na Bob Carroll walikuwa wanaandika kwa kasi ya episodi moja kila wiki, lakini mimi kama mshonaji najua kitambaa kilichobaki jana hakitupwi.

Na hilo la babu ndilo lililonikaa zaidi. Karatasi ya 1936 ilikuwa kilemba cha ukoka alichomvisha mzee wake, apate raha rohoni. Miaka 17 baadaye kikadaiwa kama kiapo.

Dereva wa Usiku

Kwa hiyo tukubaliane, uongo wa kumridhisha mtu ruksa au si ruksa? Maana msema kweli mpenzi wa Mungu.

Mzee wa Kahawa

Mpenzi wa Mungu, adui wa mtaa.

Ustadhi wa Jioni

Asalaam alaykum. Suala hili kwetu lina maneno yake. Katika Sahih Muslim imepokewa kutoka kwa Ummu Kulthum bint Uqba ruhusa katika mambo matatu: vita, kusuluhisha watu, na mazungumzo ya mume kwa mkewe na mke kwa mumewe. Lakini watu wanashika nusu. Imam Nawawi ameeleza kwamba kinachokusudiwa ni maneno ya kudhihirisha mapenzi na mfano wake. Ama udanganyifu wa kumla mwenzako haki yake, huo ni haramu kwa makubaliano ya wanazuoni. Kumwambia mkeo wali wake mtamu ni mlango mmoja. Kumficha mshahara ili asidai matumizi ni mlango mwingine kabisa, na wengi wetu tunaingilia huo wa pili tukisoma hadithi ya wa kwanza.

Bint Ngamiani

Ustadhi, hiyo sentensi ya mwisho naichapisha na kuibandika kwenye friji.

Mama Mchungaji

Kwetu Kutoka 20:16 inakataza kumshuhudia jirani yako uongo, na Paulo anawaambia Waefeso waishike kweli katika upendo. Nimekaa kwenye ndoa miaka 27. Watu wananukuu "kweli" wanaiacha "upendo" njiani. Lucy kumwambia Marion habari ya yai mbele ya wenzao wawili ilikuwa kweli, ila upendo sikuuona. Angeweza kukaa kimya. Dau halikumkataza kukaa kimya.

Fundi Cherehani

Mama nakushukuru, ila Ethel ndiye hakumwachia hiyo nafasi. Kila Lucy akijaribu kupita pembeni anarudishwa katikati. Ndiyo maana namuona Ethel mkosaji mkubwa wa episodi. Hajasema uongo hata mmoja, na kaharibu alasiri ya watu wanne.

Dereva wa Usiku

Nimesoma huu uzi jana usiku kijiweni nikaamua kujaribu. Nimeanza alfajiri nilipofika nyumbani. Mama watoto kauliza "umekula?" Kwa kawaida nasema sijala, maana kaniwekea chakula. Leo nikasema nimekula chipsi mayai saa 8. Akanyanyua sahani akairudisha jikoni bila neno. Kauliza "pesa ya gari imepatikana?" Nikasema imepatikana, na nikataja kiasi. Kabla sijavua viatu kile kiasi kina kazi nne. Nimefika dakika 11. Nalala.

Mzee wa Kahawa

Dakika 11 ni rekodi ya ukanda huu wote.

Kibarua Minnesota

Habari zenu wakuu. Nasoma tu humu, siandiki, ila leo nimeguswa.

Niko Marekani, kazi yangu ni kulea wazee, zamu ya usiku. Bibi ninayemhudumia ana miaka 91, kumbukumbu zimekwenda. Jina langu nalitaja mara tatu kila zamu. Kituo kimoja cha televisheni hapa bado kinarudia I Love Lucy, na mtajiuliza imedumuje. Desi na Lucille walikubali kupunguziwa malipo ili wafanye kwa filamu na wabaki na umiliki wa filamu zenyewe kupitia kampuni yao ya Desilu. Vipindi vingi vya enzi zile vilirushwa moja kwa moja na vikapotelea hewani. Wao walitumia kamera tatu kwa wakati mmoja, filamu ya milimita 35, mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini. Mpiga picha mkuu alikuwa Karl Freund, yule aliyepiga filamu ya Metropolis kule Ujerumani. Ndiyo maana uso wa Lucy kwenye ile karata unaonekana safi kama umepigwa jana.

Na mkizungumzia uongo wa ndoa, kituo chenyewe cha CBS kilikuwa bingwa. Chumba cha Lucy na Ricky kina vitanda viwili, eti mke na mume kila mtu na chake. Mimba ilipokuja, neno "mjamzito" likakatazwa kutamkwa hewani. Episodi ya kutangaza mimba, Desemba 1952, jina lake waliliandika kwa neno la Kifaransa ili wasiseme lile la Kiingereza. Taifa zima linaona tumbo, halitajwi.

Huyo bibi, ile episodi ya yai, anacheka kabla Lucy hajasema. Ananigusa mkono, anacheka, halafu ndipo Lucy anasema. Jina langu limekwenda, yai limebaki.

Halafu ikiisha huniuliza mume wake yuko wapi. Mume wake amefariki zamani, kabla sijaja nchi hii. Mwanzoni nilisema kweli. Nilimwambia amefariki, na nikamuona akipokea msiba upya, machozi ya siku ya kwanza. Baada ya dakika 20 akauliza tena. Msimamizi akanivuta pembeni, akanielekeza tusibishane naye, tumfuate alipo. Sasa nasema anaegesha gari. Anaridhika. Anasogeza kiti kidogo ili mzee akija apate pa kukaa.

Bint Ngamiani

Kibarua.

Mama Mchungaji

Mungu akutunze mwanangu.

Fundi Cherehani

Nimesoma nikaweka simu chini, nikaichukua tena baada ya kushona mkono mzima wa gauni la mtu, na nimeushona ndani nje.

Niliahidi kurudia ile ndoa. Kwa ufupi, maana inajulikana: Desi alikuwa na pombe na wanawake wa nje, na Lucille alijua. Machi 1960 walirekodi mchezo wao wa mwisho pamoja, na kesho yake Lucille akapeleka ombi la talaka mahakamani. Kwenye ule mchezo wa mwisho kuna busu. Wengi ukumbini walikuwa wanajua wanachokitazama. Hata hao wenye nyumba wao wa kuigiza, Vivian Vance na William Frawley, hawakupatana kabisa. Vivian alikuwa anachukia kuozwa kwa mzee aliyemzidi miaka 22. Yaani kwenye ile picha ya watu wanne wanaocheka, ndoa moja ya uongo ilikuwa na chuki, ndoa moja ya kweli ilikuwa na siri, na bado ukitazama unahisi nyumba ile ina joto. Mimi bado nahisi. Sijui nifanye nini na hilo.

Lakini jamani, visu sijawasimulia. Baada ya karata Lucy anakwenda kwenye usaili wa kipindi, bado yuko ndani ya saa 24 zake, anaulizwa uzoefu wake na hawezi kuongeza chumvi. Nafasi anayoipata ni ya kusimama kwenye ubao, mtaalamu wa Kiitaliano anamrushia visu. Anasimama pale mikono imetandazwa, visu vinapiga mbao kushoto na kulia kwake, ta, ta, na uso wake ni ule ule wa kwenye karata. Kwangu hiyo ndiyo picha ya mtu aliyeapa kusema kweli siku nzima mbele ya mashoga zake.

Mwalimu Mstaafu

Hii ya visu nakubaliana nawe, bila utani.

Dereva wa Usiku

Fundi na wewe jaribu. Sisi tumeumbuka, wewe unasimulia tu.

Fundi Cherehani

Haya, nimejaribu, jana. Taarifa yenyewe hii hapa.

Saa 3 asubuhi mteja wa kwanza kauliza nguo yake lini. Nikasema Alhamisi ijayo, si kesho. Akanitazama kama nina homa. Akauliza tena, "kwa hiyo kesho jioni?" Nikasema Alhamisi. Akasema basi atapitia kesho jioni aangalie.

Saa 6 dada mmoja kavaa gauni la harusi ya mdogo wake, rangi ya embe bivu. "Nimependeza?" Mikono ikakimbilia shingoni kama kawaida. Nikairudisha chini. Nikamwambia rangi inakula uso wako, na kiuno nimekosea mimi, nimekishusha. Akajiangalia kwenye kioo kimya. Akasema, "Nilijua kiuno." Tukakifumua pale pale, akakaa kwenye stuli akinishikia pini mdomoni mwake. La rangi hatukuligusa tena, mimi wala yeye.

Jioni nyumbani. Mume wangu kaona mfuko mpya wa kitenge nyuma ya mlango. Lazima niwaeleze utaratibu wetu. Nikinunua kitambaa changu mwenyewe, bei natoa robo au theluthi kabla ya kuitaja. Cha 45 ninasema 30. Karatasi ya bei naikata dukani, naikunja ndogo, naitia kwenye kopo la vifungo. Miaka 14 ya ndoa, kopo limejaa. Sijawahi kunaswa.

Kauliza, "Hiki kiasi gani?"

Nikavuta pumzi, visu vyote nikaviona. Nikasema, "Elfu 48."

Akatingisha kichwa polepole, akakigeuza kitenge akaangalia upande wa pili, akakirudisha kwenye mfuko.

"Kwa hiyo ni kama sabini," akasema. "Basi mwezi huu tusiguse ile ya ada."

Nikaapa ni 48. Akanipigapiga begani, akaniambia hana neno, kitenge kizuri.